Mpunga na Siasa za Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mei 2025 waziri wa kilimo wa Japani alijiuzulu kwa sababu ya mzaha kuhusu mchele. Watu wengi waliosikia habari hiyo waliuliza swali lilelile: "Mchele tu?" Majibu ya hapa chini yametokana na swali hilo na mengine yaliyolifuata. Baadhi ni marefu, mengine mistari michache, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mchele tu? Kwa nini Wajapani wanauchukulia kwa uzito hivyo?

Kama una jiko la umeme la kupikia wali, chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kilichokuja nalo. Kinaingia mililita 180, hata robo lita hakifiki. Ni kipimo cha kale cha Kijapani kiitwacho *gō*. Vikombe 1,000 vya namna hiyo ni *koku* moja, takriban kilo 150 za mchele, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mzima mwaka mzima. Tangu mwishoni mwa karne ya 16 hadi 1873, thamani ya mashamba ya Japani, posho za askari wake na vyeo vya mabwana wake vilipimwa kwa *koku*. Kikombe kile kilichoko jikoni kwako, Temeke au Nakuru, ni masalia ya mfumo mzima wa kodi.

Wengi wakieleza jambo hili huanza na miungu na mila. Mimi naanza na kodi. Mchele Japani ulikuwa mali ya kukusanywa na wakubwa muda mrefu kabla haujawa chakula cha kila nyumba, na siasa zake hadi leo zina harufu ya ghala kuliko ya jikoni.

Ni kweli wana maneno mengi ya mchele?

Wanayo, lakini msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Mpunga wao huita *ine*, mchele *kome*, wali *gohan*. Mzungumzaji wa lugha yenye neno moja tu kwa vyote vitatu atakuna kichwa. Sisi tunaelewa mara moja. Hata ukoko una jina lake, *okoge*, na una wapenzi wake vilevile.

Walipotuzidi ni hapa: *gohan* ni wali, tena ni mlo wowote. Kifungua kinywa ni *asagohan*, wali wa asubuhi, hata kama umekula mkate na yai. Na kuna kituko kimoja: wali uleule ukipakuliwa kwenye sahani, kando ya nyama ya Kizungu, huitwa *raisu*. Ukirudi kwenye bakuli unarudia jina lake.

Majina Toyota, Honda na Mazda yanahusiana na mpunga?

Ndiyo, na hili huwafurahisha sana mafundi gereji. Herufi inayosomwa *ta* au *da* maana yake ni jaruba la mpunga, na mchoro wake ni mraba uliogawanywa na matuta. Honda, jina la ukoo la mwanzilishi Soichiro Honda, ni jaruba kuu au la asili. Toyota ilikuwa Toyoda, jaruba la neema. *D* ikawa *t* wakati kampuni ya magari ikiundwa miaka ya 1930. Mazda ni Matsuda, jaruba la msonobari, ingawa kampuni yenyewe inalihusisha jina hilo pia na mungu wa kale wa Uajemi. Tanaka ni katikati ya majaruba, Yamada ni jaruba la mlimani, Fukuda ni jaruba la baraka.

Mwaka 1875 serikali iliamuru kila raia awe na jina la ukoo. Wapo waliokuwa nayo ya siku nyingi bila kuyatumia rasmi, na wapo waliotazama tu kilichokuwa mbele ya nyumba.

Mpunga ulifika lini Japani?

Ulivuka bahari kutoka bara la Asia, kwa njia ya rasi ya Korea, ukatua kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu karibu miaka 3,000 iliyopita. Huko Itazuke, mjini Fukuoka, waakiolojia walifukua majaruba ya kale na kukuta nyayo za watu zimebaki kwenye tope.

Kaskazini kabisa, Hokkaido, nchi ya Waainu, wenyeji wake wa asili, mpunga ulichelewa mno kwa sababu ya baridi. Mwaka 1873 mkulima Nakayama Kyuzo alifanikiwa kuuvunisha karibu na Sapporo. Husimuliwa kwamba alikuwa akichemsha maji ya kuoga na kuyamimina kitaluni usiku ili miche isife. Leo Hokkaido na Niigata ndiyo mikoa inayoongoza kwa mavuno.

Mchele ulitumikaje kama fedha?

Toyotomi Hideyoshi, aliyeiunganisha nchi kwa upanga, alianza mwaka 1582 kupima mashamba: ukubwa wa jaruba, ubora wa udongo, *koku* ngapi zinatarajiwa, jina la anayelima. Daftari hilo likawa msingi wa utawala wa Tokugawa uliofuata. Aliyeshika ardhi ya *koku* 10,000 na kuendelea aliitwa *daimyo*, bwana mkubwa. Ukoo wa Maeda wa Kaga ulipita *koku* milioni moja, na nchi nzima iliwainamia. Askari samurai alilipwa mchele, naye hakuweza kwenda dukani na gunia begani, kwa hiyo alimuuzia dalali.

Hapo ndipo Osaka ilipotajirikia. Mabwana kutoka kila upande walijenga maghala yao pale, wakatoa hati za mchele, na hati zikaanza kuuzwa na kununuliwa kabla hata mpunga haujakatwa. Mwaka 1730 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliidhinisha rasmi soko la Dojima, ambalo wanahistoria wengi wa uchumi wanalitaja kuwa soko la kwanza la mikataba ya bei za baadaye lenye utaratibu kamili. Wafanyabiashara walipigiana kelele juu ya bei za mchele ambao hawakukusudia kuugusa.

Mkulima je? Alipeleka kodi kwa mchele, mara nyingi kati ya theluthi na nusu ya mavuno. Mavuno yakikosekana daftari halikuona aibu. Wakati wa njaa ya miaka ya 1830 mchele uliendelea kusafirishwa kwenda Edo, Tokyo ya leo, huku watu wakifa vijijini. Mwaka 1837 ofisa mstaafu wa polisi wa Osaka, Oshio Heihachiro, aliuza vitabu vyake akawagawia maskini fedha, kisha akaongoza uasi uliounguza sehemu kubwa ya mji. Ulizimwa haraka, lakini serikali ilikuwa imeasiwa na mtu wake.

Mwaka 1873 kodi ikawa ya fedha taslimu, asilimia 3 ya thamani ya ardhi. Mkulima sasa alibeba hatari ya bei pamoja na ile ya mvua.

Kwa hiyo zamani Wajapani wote walikula wali kila siku?

Hapana, na huu ndio uongo mtamu kuliko yote katika mada hii. Vijiji vingi vilikula shayiri, nafaka ndogondogo jamii ya ulezi, viazi na maboga, au wali uliochanganywa na hivyo. Mchele mweupe ulikuwa wa sikukuu, na wa mjini. Edo waliula mweupe mtupu hadi wakaugua beriberi kwa kukosa vitamini iliyobaki kwenye pumba. Watu wakauita ugonjwa wa Edo, maana aliyerudi kijijini kwake alipona.

Mwanahistoria Amino Yoshihiko alitumia maisha yake kuonyesha kwamba neno *hyakushō*, ambalo shuleni lilifundishwa kuwa "mkulima wa mpunga", lilijumuisha pia wavuvi, wachumvi, mafundi na wafanyabiashara wa pwani. Mimi namuunga mkono: ukitawala kwa daftari la mpunga, utaona wakulima wa mpunga tu.

Hata mwaka 1950, waziri wa fedha Ikeda Hayato alizungumza bungeni kuhusu wenye kipato kidogo kula shayiri zaidi na wenye kipato kikubwa kula mchele. Magazeti yakaandika kwamba amesema maskini wale shayiri. Ghasia ilikuwa kubwa, lakini miaka kumi baadaye alikuwa waziri mkuu.

Kwa nini Mfalme analima?

Kila mwaka Mfalme wa Japani huvaa buti za mpira, huingia kwenye jaruba dogo ndani ya uzio wa ikulu mjini Tokyo na kupandikiza miche kwa mkono. Wakati wa kuvuna hurudi na mundu. Wengi hudhani ni mila ya maelfu ya miaka, kumbe ilianzishwa na Mfalme Showa mwaka 1927.

Ibada zenyewe ndizo za kale. Katika masimulizi ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani, mungu wa kike wa jua, Amaterasu, alimtuma mjukuu wake duniani na masuke ya mpunga, na ukoo wa kifalme unadai kutokana naye. Tarehe 23 Novemba Mfalme huitolea miungu mchele mpya na kuula pamoja nao. Tangu 1948 siku hiyo ni sikukuu ya kitaifa ya kushukuru kazi. Jina limebadilika, tarehe imebaki.

Mfalme mpya hufanya ibada hiyo kwa ukubwa mara moja tu katika utawala wake. Kwa Naruhito ilikuwa usiku wa Novemba 14 kuamkia 15, 2019. Mikoa ya kutoa mchele ilichaguliwa kwa kuchoma gamba la kasa na kusoma nyufa zake: Tochigi kwa mashariki, Kyoto kwa magharibi. Majengo zaidi ya 30 ya muda yalisimamishwa kwa ibada ya usiku mmoja kisha yakabomolewa. Gharama ilikuwa takriban yeni bilioni 2.4, fedha za umma. Katiba ya Japani inatenganisha dini na serikali, kwa hiyo maneno yalikuwa mengi, na aliyeyasema waziwazi kuliko wote ni mdogo wa Mfalme mwenyewe, Mwanamfalme Akishino, aliyetaka ibada ilipiwe kwa fedha za ndani za familia.

Na wale mbweha wa mawe mahekaluni?

Ni wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga. Makao yake makuu ni Fushimi Inari, Kyoto, penye maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlima. Siku hizi wanaochangia malango ni wafanyabiashara, maana aliyekuwa akibariki mavuno sasa anabariki mauzo.

Ni kweli wanawake waliangusha serikali kwa ajili ya mchele?

Waliwasha moto uliomwangusha waziri mkuu. Julai 1918, huko Uozu katika mkoa wa Toyama, wake za wavuvi walikusanyika ufukweni kuzuia meli isipakie mchele. Bei ilikuwa ikipanda kila siku, na habari kwamba jeshi linapelekwa Siberia ziliwafanya wafanyabiashara wafungie magunia. Wake wale hawakutaka makubwa: mchele usiondoke, uuzwe hapahapa kwa bei ya jana. Ndani ya wiki chache ghasia zilifika Kyoto, Nagoya, Osaka na Kobe, maduka yakachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Septemba Waziri Mkuu Terauchi Masatake aliondoka, na nafasi yake akachukua Hara Takashi, wa kwanza asiye na cheo cha ukabaila.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni iliyofuata. Ili miji ya Japani isinunue kwa bei ile tena, mpunga ulisukumwa kwenye makoloni, Korea na Taiwan. Wakorea walilima zaidi na kula pungufu, wengi wakijishibisha kwa nafaka jamii ya ulezi kutoka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, huku mchele wao ukipakiwa melini.

Wakulima ni wachache. Wanatingishaje serikali?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1946, chini ya utawala wa Marekani, serikali ilinunua kwa lazima ardhi ya makabaila na kuwauzia waliokuwa wakiilima. Mwenye shamba aliyeishi mbali alipoteza lote. Aliyeishi kijijini aliachiwa hekta moja tu ya kukodisha, isipokuwa Hokkaido. Mfumuko wa bei ukazila fidia. Ardhi iliyolimwa na wapangaji ilishuka kutoka karibu asilimia 46 hadi asilimia 10 hivi.

Mpangaji wa jana akawa mmiliki, naye hakutaka tena habari za mapinduzi. Alikipigia kura chama cha Liberal Democratic, LDP, kilichoundwa 1955. Kati yake na chama ukasimama ushirika, unaojulikana leo kama JA, uliotokana na sheria ya 1947. Usidhani ni ushirika wa kupima mazao tu. JA humuuzia mkulima mbolea, humkopesha, humuwekea akiba, humkatia bima, hununua mpunga wake, na wakati wa uchaguzi humkumbusha jina la kuandika. Wanachama wake leo wanapita milioni 10, na wengi wao hawalimi.

Mipaka ya majimbo nayo ilisaidia. Watu walihamia mijini, viti vya bunge vikabaki vijijini. Katika uchaguzi wa 1972 kura ya jimbo moja ilikuwa na uzito wa karibu mara 5 ya kura ya jimbo jingine, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya nchi ilitamka kwamba hali hiyo inakiuka katiba. Uchaguzi wenyewe haukufutwa.

Serikali ndiyo iliyonunua mchele, kwa sheria ya wakati wa vita ya 1942 iliyodumu hadi 1995. Kila kiangazi wakulima walifika Tokyo wamefunga vitambaa kichwani kudai bei. Bei ilipanda, serikali ikanunua ghali na kuuza rahisi, na hazina ikavuja.

Ni kweli serikali iliwalipa wakulima wasilime mpunga?

Kweli kabisa. Mwaka 1962 Mjapani wa kawaida alikula kilo 118 za mchele kwa mwaka. Kisha ukaja mkate, maziwa ya shuleni, nyama na tambi. Leo ni kilo 50 na ushei. Lakini wakulima, kwa bei ile, waliendelea kulima, na maghala yakafurika. Badala ya kushusha bei, jambo ambalo lingewaudhi wapiga kura, serikali ilianza mwaka 1970 mpango wa kupunguza majaruba: geuza shamba liwe la ngano, soya au malisho, upewe ruzuku. Mgawo wa kitaifa wa kiasi cha kulima ulifutwa 2018. Ruzuku za kubadili zao zikabaki, kwa hiyo mlipakodi hulipa mara ya kwanza kwenye ruzuku na mara ya pili dukani.

Kwa nini wasiagize mchele wa bei nafuu?

Mwaka 1993 kiangazi kilikuwa cha baridi, mavuno yakawa karibu robo tatu tu ya kawaida, na nchi iliyoapa kutoingiza hata punje ikaagiza zaidi ya tani milioni 2 kutoka Thailand, China, Marekani na Australia. Mchele wa Thailand, ule mrefu wenye kunukia ambao kwetu ungegombaniwa, Wajapani waliupika kama wa kwao wa kunata, wakalalamika kwamba unachambuka na kunuka. Wengine waliutupa, na Wathai walijua.

Desemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Hosokawa Morihiro alikubali, katika mazungumzo ya biashara ya dunia, kufungua mlango kidogo. Japani sasa huagiza takriban tani 770,000 kwa mwaka bila ushuru mkubwa, sehemu kubwa ikiishia viwandani, kwenye chakula cha mifugo na kwenye misaada. Nje ya kiasi hicho kuna ushuru wa yeni 341 kwa kilo.

Nini kilitokea 2024 na 2025?

Joto kali la 2023 liliharibu ubora wa punje. Agosti 2024 ikatolewa tahadhari ya tetemeko kubwa, watu wakanunua akiba, na rafu zikawa tupu. Mavuno mapya yakaingia lakini bei haikushuka. Kufikia masika ya 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yeni 4,200, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Serikali ikafungua ghala la akiba.

Katikati ya hayo waziri wa kilimo, Eto Taku, akasema hadharani kwamba hajawahi kununua mchele, kwa kuwa wafuasi wake humletea mwingi kiasi cha kuweza kuuza. Siku chache baadaye hakuwa waziri. Kwangu mimi sentensi ile ni muhtasari wa karne nne: mchele humwendea mwenye mamlaka, wengine hupanga foleni. Nafasi yake ilichukuliwa na Koizumi Shinjiro, aliyeuza mchele wa akiba moja kwa moja kwa maduka, kilo 5 kwa karibu yeni 2,000, na foleni zikaanza alfajiri.

Agosti 2025 Waziri Mkuu Ishiba Shigeru alitangaza kwamba sera sasa ni kulima zaidi. Oktoba serikali ikabadilika, na waziri mpya wa kilimo akarudia lugha ya zamani ya kulima kulingana na mahitaji.

Nani atalima kesho?

Wastani wa umri wa wanaotegemea kilimo unapita miaka 67. Nenda kijijini mwezi Mei utaona babu juu ya mashine ya kupandikiza, trei za miche zimepangwa nyuma yake kama mazulia ya kijani, na bibi akifuata kwa miguu kujaza kona ambazo mashine haikufika. Watoto wao wako Osaka. Majaruba ya ngazi ya Shiroyone, mjini Wajima, zaidi ya 1,000 na mengine madogo kama mkeka, yalipasuliwa na tetemeko la Januari 1, 2024. Masika hayohayo wenyeji walipanda machache yaliyoshika maji.

Kuna uhusiano wowote na kwetu?

Upo. Skimu ya Lower Moshi, Kilimanjaro, ilijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na chuo cha Chekereni kimefundisha wakulima na mabwana shamba wengi kupanda kwa mistari na kusawazisha jaruba. Mwea nchini Kenya nayo imepanuliwa kwa mkopo wa Japani, pamoja na bwawa la Thiba. Mwaka 2008, kwenye mkutano wa Yokohama, ulizinduliwa mpango wa kuongeza maradufu mchele wa Afrika kusini mwa Sahara, kutoka tani milioni 14 hadi 28 katika miaka kumi. Wenye kuwafundisha wengine kulima zaidi walikuwa bado wanalipana nyumbani walime pungufu.

Nikialikwa kula Japani, nifanye nini na bakuli la wali?

Lishike kwa mkono wa kushoto, liinue. Usichomeke vijiti wima kwenye wali. Hivyo hufanyiwa marehemu. Usimwagie mchuzi wa soya juu yake, hata ukiona mweupe mno. Na umalize punje zote. Watoto huambiwa kila punje ina miungu saba, na kwamba herufi ya mchele, 米, ukiitenganisha inasomeka nane, kumi, nane: kazi 88 kabla punje haijafika bakulini. Ukishiba ukasikia mwenyeji anakwangua chini ya chungu, omba ukoko. Hawatarajii mgeni aujue, na watafurahi.